Si Laana, Wala Si Siri ya Nyumba

Kila mwaka, inapofika zamu ya kuandikisha watoto wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, kiongozi wa jumuiya ndogo ndogo hupita nyumba kwa nyumba na daftari lake. Huuliza majina, huuliza umri, huandika. Lakini katika vigango vyetu vingi, kuanzia Litembo na Maguu huko milimani hadi Lituhi na Mbamba Bay kando ya ziwa, zipo nyumba ambazo hesabu yake haikamiliki. Watoto wa nyumba ni wanne, walioandikwa ni watatu. Wa nne yuko chumba cha nyuma, au yuko uani pamoja na kuku, na kiongozi hamwulizi, na mama hamtaji. Wote wawili hufanya hivyo kwa adabu, ili wasiaibishane. Nia ya makala haya ni kuivunja adabu hiyo.

Mtoto tunayemsema ni yule mwenye ulemavu wa akili. Hapana budi kwanza tuelewane juu ya jina, maana hapa ndipo fujo inapoanzia. Ulemavu wa akili si wazimu. Mgonjwa wa akili ni mtu ambaye akili yake ilikua vema, kisha ikapatwa na maradhi; aweza kutibiwa na kupona. Mwenye ulemavu wa akili ni yule ambaye ubongo wake haukupata kukua kama inavyopasa, tangu tumboni, au wakati wa kuzaliwa, au katika miaka ya utotoni. Huchelewa kukaa, huchelewa kusema, na akifika umri wa shule huona taabu kujifunza mambo ambayo wenzake huyachukua upesi; tena huona taabu hata katika shughuli za kila siku kama kujivika, kuhesabu chenji au kujiepusha na hatari. Kifafa nacho ni jambo jingine, ingawa huweza kufuatana nalo. Vivyo hivyo mtindio wa ubongo, ambao husumbua hasa viungo: wapo watoto ambao mikono na midomo yao haiwatii, lakini ndani yao mna akili timamu inayosikia kila neno baya tunalolisema mbele yao. Ama maneno kama zezeta, punguani na taahira, yafaa yaachwe, kwa sababu anayeitwa hivyo hufundishwa na wote wanaomzunguka kwamba hana haja ya kufundishwa.

Jambo la pili la kuelewana ni kwamba ulemavu huu una ngazi. Walio wengi mno miongoni mwa wenye ulemavu wa akili wana ulemavu mwepesi. Hawa huweza kujifunza kusoma, kuandika jina, kutumia fedha, kulima na kufuga, wakipewa muda na mwalimu mwenye subira. Wachache ndio wenye ulemavu mzito, wanaohitaji kutunzwa maisha yao yote. Sisi tumezoea kumtazama yule mmoja mzito na kuwahukumu wote kwa sura yake.

Basi swali linaloulizwa katika nyumba zetu si "Tumsaidieje?" bali "Nani amesababisha?" Swali hilo ni la zamani. Wanafunzi wa Yesu waliliuliza mbele ya mtu aliyezaliwa kipofu, kama tunavyosoma katika sura ya tisa ya Injili ya Yohane: ni dhambi ya nani, yake au ya wazazi wake? Bwana aliwajibu kwamba si yake wala si ya wazazi. Jibu hilo twalisikia kanisani Dominika, na Jumatatu twarudi palepale. Husemwa mama alikanyaga dawa. Husemwa ukoo wa mume una deni la mizimu. Na baba akiwa na shamba la kahawa linalostawi, husemwa ameitoa akili ya mtoto ili apate fedha. Uvumi huu wa mwisho nauona kuwa mbaya kupita yote, kwa sababu humzuia hata baba mwenye uwezo kumpeleka mtoto hospitali: akionekana naye barabarani, watu watahesabu miti yake ya kahawa.

Lakini anayebeba mzigo mzito zaidi ni mama. Namkumbuka mama mmoja aliyerudishwa kwao na mtoto wa miaka mitatu asiyesimama, pamoja na maneno kwamba tumbo lake ni bovu. Hakuna aliyekumbuka kwamba mtoto yule alizaliwa baada ya siku mbili za uchungu, tena nyumbani, na kwamba hakulia alipotoka. Kwa mkunga yeyote aliyesoma, habari hiyo peke yake ilitosha kuwa maelezo.

Tuje basi kwenye asili yenyewe. Asili ni nyingi, na kwa watoto wengi hata madaktari wa hospitali kubwa hawaipati. Baadhi ni za kimaumbile. Mwaka 1959 daktari Mfaransa Jérôme Lejeune, Mkatoliki, pamoja na wenzake walichapisha ugunduzi kwamba watoto wenye hali iitwayo Down, wale wenye macho ya mshazari na uso wa bapa, wana kromosomu moja zaidi katika kila chembe ya mwili. Hutokea katika mataifa yote, kwa matajiri na kwa maskini. Uwezekano wake huongezeka umri wa mama unapozidi, wala hakuna tendo la mama linaloileta. Nyingine hutokana na mambo ya ujauzito: ugonjwa wa rubela, ambao chanjo yake ilianza kutolewa nchini mwaka 2014 pamoja na ile ya surua, na pombe. Juu ya pombe niseme waziwazi. Ulanzi, komoni na gongo humfikia mtoto tumboni kama zinavyomfikia mama, na mila ya kumpa mjamzito kikombe "ili apate nguvu" yafaa ikomeshwe na bibi zetu wenyewe, kwa maana wao ndio wanaosikilizwa.

Kando ya ziwa, malaria ni adui wa kwanza. Malaria ikipanda kichwani humtia mtoto degedege na usingizi wa kifo. Akipona twamshukuru Mungu, na ni haki. Lakini uchunguzi uliofanywa Kampala kwa watoto waliopona malaria ya namna hiyo, ukachapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba miaka miwili baadaye mtoto mmoja kati ya wanne hivi alikuwa na upungufu katika kufikiri au kukumbuka. Kwa hiyo saa tunazozipoteza kwa mganga tukidhani degedege ni pepo, ni saa za ubongo wa mtoto. Uti wa mgongo na manjano makali ya siku za kwanza hufanya madhara ya namna hiyohiyo. Zamani tulikuwa na udhuru wa njia: mgonjwa wa pwani alingoja mtumbwi au alibebwa kwa machela hadi Liuli kwa ndugu zetu Waanglikana, na wa milimani alibebwa hadi Litembo. Leo barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay ni ya lami. Udhuru umepungua, ingawa haukwisha kwa wale walio mbali na barabara hiyo.

Lakini nataka nikae zaidi juu ya jambo moja ambalo halina sura ya ugonjwa wala ya uchawi, nalo ni chumvi.

Wazee wa nyanda za juu za kusini wanakumbuka marovu. Katika mikoa ya Ruvuma, Iringa, Mbeya na Rukwa, mwanamke mwenye rovu shingoni hakuwa jambo la kushangaza. Wengine waliliona ni umbile la ukoo. Sababu yake ni ukosefu wa madini joto. Mvua nyingi katika miinuko mikali huosha madini hayo kutoka katika udongo na kuyapeleka baharini, na kinachooteshwa katika udongo huo hakina madini ya kutosha. Samaki wa baharini wanayo; lakini usipa, mbasa na samaki wengine wa Ziwa Nyasa ni wa maji baridi, na pamoja na uzuri wao wote hawawezi kuziba pengo hilo. Rovu ni alama ya nje tu. Madhara makubwa yako tumboni mwa mama, maana ubongo wa mtoto hujengwa kwa nguvu ya homoni ambayo tezi ya shingo ya mama haiwezi kuitengeneza pasipo madini joto, hasa katika miezi ya kwanza, wakati mama mwenyewe pengine hajajua kwamba ni mjamzito. Shirika la Afya Duniani huuhesabu upungufu huu kuwa chanzo kikubwa kuliko vyote vinavyozuilika cha madhara ya ubongo duniani. Wengi wanaodhurika hawawi walemavu wa kuonekana. Wanakuwa tu wazito darasani, nasi twasema ni wavivu.

Serikali ililijua jambo hili. Kuanzia mwaka 1986 vidonge vya mafuta yenye madini joto viligawiwa katika wilaya zilizoathirika zaidi, na katikati ya miaka ya 1990 zikaja kanuni za kutaka chumvi ya kula itiwe madini hayo. Watafiti watatu, Field, Robles na Torero, walichapisha mwaka 2009 hesabu zilizoonyesha kwamba watoto wa Tanzania ambao mama zao walifikiwa na vidonge wakati wa ujauzito walisonga mbele shuleni kuliko wenzao, kwa kiasi cha theluthi moja hadi nusu ya mwaka wa masomo, na wasichana wakafaidi zaidi. Haki inanitaka niseme pia kwamba wengine waliorudia hesabu hizo baadaye hawakuikuta tofauti hiyo. Mabishano yao ni juu ya ukubwa wa faida katika madarasa yetu. Kwamba ukosefu mkubwa wa madini joto huharibu ubongo wa mtoto tumboni, hilo halibishaniwi na mganga yeyote aliyesoma.

Sasa nendeni sokoni siku ya gulio mkatazame. Chumvi ya mawe isiyo na nembo humwagwa juu ya turubai, juani, na kuuzwa kwa kopo. Iliyomo ndani ya pakiti yenye maandishi ya madini joto iko dukani, bei yake ni juu kidogo, na mwenye fedha kidogo hununua ya kopo. Hata ile ya pakiti tukiiacha wazi kando ya moto, au tukiitia mapema katika mchuzi unaochemka muda mrefu, madini yake hupungua. Nimeuliza wafanya biashara wawili, nao wakanijibu kwamba watu wanataka rahisi. Ni kweli. Lakini sheria ipo, na mtoto atakayezaliwa hakuulizwa kama anataka rahisi. Bwana afya anacho kipimo cha matone: akidondoshea chumvi, ikigeuka rangi ya zambarau ina madini, isipogeuka haina. Halmashauri ya Walei ya parokia inaweza kumwomba apime chumvi ya gulio mbele ya watu. Na WAWATA, ambao hununua sukari na vitenge kwa jumla, wanaweza kununua katoni za chumvi ya pakiti Mbinga mjini na kuziuza kwa wanachama bila faida.

Jirani ya chumvi ni muhogo. Watu wa pwani ya ziwa ni walaji wa ugali wa muhogo, na muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha hubaki na sumu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ugonjwa wa konzo ulipatikana katika wilaya ya Mbinga, kama ulivyopatikana Mtwara: mtu, mara nyingi mtoto au mwanamke wa umri wa kuzaa, miguu yake hukakamaa ghafla na haipoi tena. Hutokea katika majira ya njaa, watu wanapofupisha siku za kuloweka na kitoweo kinapokosekana. Konzo ni ugonjwa wa miguu. Hata hivyo uchunguzi wa Kongo uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba katika vijiji vyenye konzo hata watoto wenye miguu mizima walifanya vibaya katika majaribio ya akili kuliko watoto wa kijiji kisicho na ugonjwa huo. Tena sumu hiyo, hata ikiwa kidogo, huizuia tezi kuyachukua madini joto, hivi kwamba upungufu wa chumvi na ubaya wa muhogo husaidiana kumwangamiza mtoto mmoja. Dawa yake haina gharama: unga wa muhogo uchanganywe na maji hata ulowane, utandazwe mwembamba juu ya ungo au mkeka kwa saa mbili juani au saa tano kivulini, sumu itoke kama hewa, kisha ugali usongwe siku hiyohiyo. Mbinu hii ilitungwa na Bradbury wa Australia, na imefundishwa kwa wanawake wa kusini mwa nchi hii.

Na shule je? Katika darasa la watoto themanini, mwalimu hufundisha wale wanaofuata. Mtoto mwepesi wa ulemavu hukaa nyuma, ananakili maumbo ya herufi asiyoyaelewa, na kwa kuwa hapigi kelele anavushwa darasa kwa darasa. Au anaporudia mara ya pili, wazazi wanamwondoa akachunge mbuzi. Simlaumu mwalimu wa darasa la themanini kwa yale ambayo hakufundishwa chuoni. Walimu wa elimu maalumu, kama wale wanaotoka Chuo cha Patandi huko Arusha, ni wachache, nao hawafiki upesi katika kata za mwambao. Lakini lipo kosa ambalo halihitaji chuo. Niliwahi kushuhudia mwalimu mkuu mmoja akimwambia baba, mbele ya mtoto, kwamba akimpokea huyu wastani wa shule utashuka. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto haki ya kusoma katika shule ya kawaida. Na shule za msingi za serikali hazitozi ada. Wastani wa shule haumo katika sheria hiyo.

Tuwe waangalifu kwa upande wa pili pia. Si kila mtoto mzito ni mlemavu. Mwingine hasikii vizuri kwa sababu masikio yametoka usaha tangu uchanga. Mwingine haoni ubao. Mwingine ametoka nyumbani akiongea Kimatengo au Kinyasa tu, na Kiswahili cha mwalimu kwake ni lugha ya kigeni kwa mwaka mzima wa kwanza. Mwingine ana njaa: katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 zaidi ya theluthi ya watoto wa Ruvuma walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, na hii katika mkoa unaouza mahindi kwa wengine. Kabla ya kumpa mtoto jina la ulemavu, apelekwe kupimwa masikio na macho.

Mwenye ulemavu wa kweli hufundishwaje? Kwa hatua ndogo, kwa kurudiarudia, kwa vitu vya kushika. Hilo Wamatengo hamhitaji kufundishwa, kwa maana ndivyo ngoro zinavyofundishwa. Hakuna mtoto aliyesoma ngoro kitabuni: baba hufyeka na kupanga nyasi katika miraba, mama hufukia udongo juu yake na kuacha shimo katikati, na mtoto hufuata nyuma msimu baada ya msimu mpaka mikono yake inajua. Nimemwona kijana ambaye shule ilimwondoa kuwa hafundishiki, akipanga nyasi kwa mistari iliyonyooka kuliko yangu. Aliyesema hafundishiki alikuwa amekosa kumwonyesha.

Nasi Kanisa tusijitoe. Katika nchi hii elimu ya vipofu ilianza Buigiri mwaka 1950 kwa mikono ya Waanglikana, na ya viziwi Tabora mwaka 1963 kwa mikono ya Wakatoliki. Wenye ulemavu wa akili walingoja hadi miaka ya 1980, na hapo hatukuwa sisi tuliotangulia. Mpaka leo wapo makatekista wanaomkataa mtoto kwa kuwa hawezi kukariri maswali na majibu. Nilikuwapo mama mmoja alipoambiwa amlete "akishajua". Mtoto alikuwa na miaka kumi na sita. Alijua kupiga magoti pale Mwili wa Bwana ulipoinuliwa, na alijua kunyamaza, jambo ambalo wengi wetu hatujalijua. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 777, inamwagiza paroko ahakikishe kwamba walemavu wa mwili na wa akili wanapewa katekesi kadiri hali yao inavyoruhusu. Ni agizo kwa paroko; halikuachwa kwa huruma ya katekista.

Liko jambo moja zaidi, na hili lisemwe bila kuzungukazunguka. Wasichana wenye ulemavu wa akili wanabakwa, na wanaowabaka ni majirani na jamaa, kwa sababu wanajua kwamba binti hataweza kueleza au hataaminiwa. Mimba ikionekana, wazee wa koo mbili huketi, fidia ya mbuzi au fedha hutolewa, na viongozi wa jumuiya huitwa kushuhudia upatanisho. Huo si upatanisho. Chini ya sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, kubaka ni jinai yenye kifungo kisichopungua miaka thelathini, na jinai si mali ya ukoo hata ukoo uisamehe. Kiongozi wa walei anayetia sahihi karatasi ya namna hiyo anasaidia kuficha kosa. Kazi yake ni kumpeleka binti zahanati siku ileile, kabla hajaoga, na kwenda polisi pamoja na wazazi.

Wengine watasema: mama huyu wa chumba cha nyuma ni mkatili, anafungia mtoto. Sikubaliani. Wakati wa kuchuma kahawa, Julai na Agosti, mama hutoka alfajiri. Mumewe yuko mnadani au hayupo kabisa. Mtoto akiachwa wazi ataingia motoni, mtoni au ziwani. Mlango aliufunga kwa kumpenda, kwa vile sisi jirani zake hatukumpa njia nyingine. Jumuiya ya kaya kumi na tano inaweza kumpa siku mbili kwa juma kwa zamu, bila mfadhili na bila semina. Tumeweza kwa misiba, tumeweza kwa kumjengea katekista nyumba.

Kwa hiyo Tume inaomba kwamba kabla ya mavuno ya kahawa mwaka huu kila jumuiya ihesabu upya, na safari hii mwenyekiti aende pamoja na mama mmoja wa WAWATA, maana mama huongea na mama. Katika daftari iongezwe safu moja: jina la mtoto, umri, kama ameandikishwa shule, kama amebatizwa, kama amewahi kupimwa masikio, na nani humtazama mama akiwa shambani. Daftari lisisomwe hadharani kanisani. Lipelekwe kwa paroko, na nakala ya wale wasioandikishwa shule ipelekwe kwa Afisa Elimu wa Kata, mkononi, na sahihi ya kupokea ichukuliwe.